Kikumbusho cha kalenda ya simu hakilii? Anzia hapa

Mama mmoja wa mtaani kwetu ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Usiku mmoja simu yake ililia saa nane, akashtuka akidhani kuna msiba. Alipotazama skrini akakuta imeandikwa "Marejesho kikundi". Akaizima, akalala. Saa mbili asubuhi wenzake walikuwa wamekaa kwenye mkeka wanamsubiri na daftari, naye yuko sokoni anachagua nyanya. Jioni akanijia na simu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, hii simu imeniaibisha mbele za watu."

Nilifungua lile tukio nikakuta limeandikwa 2:00 AM. Yeye alikusudia saa mbili asubuhi, na simu husoma hiyo kama 8:00. Hakuna kilichoharibika.

Si yeye peke yake. Wapo wanaosema kikumbusho hakikuja kabisa, wapo wanaosema kilikuja bila sauti, na wapo ambao kiliwajia saa kadhaa baadaye, miadi ya kliniki ya mtoto ikiwa imeshapita. Hatua hizi nimezipanga kwa mfuatano ninaoufuata mwenyewe nikikabidhiwa simu. Usiziruke, maana wengi hukimbilia kurudisha simu kwenye hali ya kiwandani, wakapoteza picha na namba za watu kwa tatizo la dakika tano.

Kabla ya kugusa chochote, shika jambo moja: kalenda haipigi alamu. Inatuma arifa, kama ile ya ujumbe wa WhatsApp. Ukiiwekea simu hali ya kimya, arifa nayo inanyamaza. Malalamiko mengi ninayoyapokea yanatokana na kutojua tofauti hiyo.

Unachohitaji

- Simu yenye chaji ya kutosha, zaidi ya nusu.
- Kujua toleo la Android yako. Fungua Mipangilio, shuka hadi Kuhusu Simu. Andika namba hiyo pembeni.
- Kujua unatumia kalenda ipi. Simu nyingi zina mbili: ya kampuni iliyotengeneza simu na ya Google. Aikoni zake hufanana, kwa hiyo zifungue zote mbili uone.
- Kujua akaunti yako ya Google, yaani anwani ya barua pepe iliyomo kwenye simu.
- Nusu saa ya utulivu mchana, na usiku mmoja wa kujaribia.

Bando si lazima. Tukio ambalo limeshaingia kwenye simu hulia hata data ikiwa imezimwa.

Majina ya menyu nimeyaandika kwa Kiswahili. Kama simu yako iko kwa Kiingereza, au maneno yake yametofautiana kidogo na yangu, tumia kile kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Mipangilio.

Hatua ya 1: Fanya jaribio fupi

Fungua kalenda unayoitumia. Tengeneza tukio jipya, liite "Jaribio", lianze dakika 10 baada ya sasa. Weka kikumbusho cha dakika 5 kabla. Hifadhi, toka, zima skrini, weka simu mezani na uiache. Usiishike.

Matokeo ni matatu:

- Ikilia na kuonyesha ujumbe, simu ni nzima. Kosa liko kwenye tukio lako. Nenda hatua ya 2 na ya 3.
- Ujumbe ukija bila sauti, nenda hatua ya 4.
- Isipoleta kitu kabisa, nenda hatua ya 5 na ya 6.

Hatua ya 2: Soma saa ya tukio kwa makini

Hapa ndipo tunapoanguka wengi tunaoishi na saa za Kiswahili. Sisi huanza kuhesabu saa jua linapochomoza na tena linapozama. Simu huanza kuhesabu katikati ya usiku. Tofauti ni saa sita, na kichwa kikiwa na mambo mengi kidole huandika kile ambacho mdomo umezoea kusema.

Dawa yake ni kuiweka simu kwenye mfumo wa saa 24. Mipangilio, Mfumo, Tarehe na Saa, kisha washa muundo wa saa 24. Kwenye iPhone ni Mipangilio, Jumla, Tarehe na Saa. Ukishafanya hivyo AM na PM zinaondoka, nazo ndizo huwachanganya watu zaidi, hasa 12:00 AM ambayo ni saa sita usiku wakati wengi hudhani ni mchana.

Kisha tumia hesabu hii:

- Mchana, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni: jumlisha 6. Saa mbili asubuhi ni 08:00, saa nane mchana ni 14:00, saa kumi na mbili jioni ni 18:00.
- Usiku, kuanzia saa moja hadi saa tano: jumlisha 18. Saa mbili usiku ni 20:00, saa tano ni 23:00.
- Saa sita usiku ni 00:00.
- Kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri: toa 6. Saa nane usiku ni 02:00, saa kumi na moja alfajiri ni 05:00.

*Kosa la kuepuka:* siku. Ukisema "usiku wa kuamkia Jumatano, saa nane", wewe bado unaiona kama Jumanne kwa sababu hujalala. Kwa simu ni Jumatano tayari, tangu 00:00. Na kwa wazee wengi wa Pwani, usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani baada ya magharibi ya Alhamisi. Basi la alfajiri au safari ya uwanja wa ndege ikiandikwa kwa siku isiyo yake, kikumbusho kitakuja saa 24 kabla ya wakati wake, au saa 24 baada ya gari kuondoka. Baada ya kuhifadhi tukio, rudi kwenye kalenda uliangalie limekaa kwenye kisanduku cha siku gani. Ni sekunde kumi tu.

Hatua ya 3: Angalia tukio lenyewe

Ligonge lifunguke, kisha utafute mambo matatu.

*Je, kuna kikumbusho?* Tukio linaweza kukaa kwenye kalenda likiwa halina kikumbusho hata kimoja. Tafuta alama ya kengele. Pasipo na kitu, gonga kuhariri kisha "Ongeza arifa". Unaweza kuweka zaidi ya kimoja, nami nashauri viwili kwa jambo lolote lenye safari: kimoja siku moja kabla, kingine saa moja kabla.

*Je, limewekwa kuwa la siku nzima?* Tukio la siku nzima halina saa ya kuanza, kwa hiyo kikumbusho chake hufuata mpangilio mwingine kabisa. Kwenye iPhone, kwa mfano, ukichagua kikumbushwe siku ya tukio, arifa huja saa tatu asubuhi. Kama miadi yako ya hospitali ni saa moja na nusu asubuhi na umeiweka kama ya siku nzima, utakumbushwa ukiwa umechelewa. Zima kitufe cha siku nzima, andika saa halisi.

*Je, linajirudia tarehe 31?* Hili limewaumiza watu wa kodi ya nyumba na wa mishahara. Ukiiambia Google Kalenda irudie kila mwezi tarehe 31, itaruka miezi isiyo na tarehe hiyo. Mwaka una miezi saba tu yenye siku 31, kwa hiyo mara tano hutakumbushwa, na hakuna ujumbe wowote utakaokuonya. Tarehe 29 na 30 nazo zina shida hiyohiyo mwezi Februari. Njia ninayoitumia: naweka tukio tarehe 1 ya mwezi unaofuata, halafu kikumbusho "siku 1 kabla". Hapo simu inalia siku ya mwisho ya kila mwezi, uwe na siku 28 au 31.

Kwa mambo ya mara moja kwa mwaka, kama Mkenya anayejaza ritani yake ya kodi ya KRA, mamlaka ya mapato ya kwao, ambayo mwisho wake ni 30 Juni, usiweke kikumbusho siku ya mwisho. Kiweke wiki mbili kabla, kwa sababu siku zile za mwisho kila mtu yuko kwenye mfumo huohuo.

Hatua ya 4: Sauti

Bonyeza kitufe cha sauti pembeni mwa simu. Mstari utakaotokea mara nyingi ni wa muziki na video, na huo hauhusiki. Gonga nukta au alama ya mipangilio iliyo pale, mistari mingine itafunguka: mlio wa simu, arifa, alamu. Pandisha ule wa arifa.

Halafu shusha pazia la juu ya skrini uangalie kama "Usinisumbue" imewashwa. Watu huiwasha wakati wa ibada au kikaoni, wakaisahau. Wengine wameiwekea ratiba ya kujiwasha yenyewe usiku na hawajui, kwa hiyo kikumbusho cha saa kumi na moja alfajiri hakiwezi kusikika. Kwenye iPhone, tangu iOS 15 ya mwaka 2021, kazi hii iko chini ya Focus. Iangalie, na uangalie pia swichi ndogo ya kunyamazisha iliyo ubavuni kwenye aina nyingi za iPhone.

Sasa nenda ndani zaidi. Tengeneza tena tukio la "Jaribio". Arifa ikija, usiifute. Iwekee kidole uibonyeze kwa muda bila kuachia. Android itakuonyesha imetoka programu gani na kama imewekwa kuwa ya kimya. Mara nyingi mtu aliwahi kukerwa na arifa moja siku za nyuma, akagonga "Kimya" kwa haraka, na tangu hapo kalenda nzima ikanyamaza. Chagua ile ya kutoa sauti, kisha chagua mlio mrefu kidogo. Mlio mfupi wa "ti" haumuamshi mtu, wala hausikiki ndani ya daladala.

Hatua ya 5: Ruhusa ya arifa

Tangu Android 13, iliyotoka mwaka 2022, programu inapaswa kuomba ruhusa kabla ya kukutumia arifa. Siku ya kwanza unapofungua kalenda kwenye simu mpya, linakuja dirisha la kuuliza. Ukigonga "Usiruhusu" ili likupishe, umeifunga kalenda mdomo.

Nenda Mipangilio, Programu, Kalenda, Arifa. Kitufe cha juu kabisa kiwe kimewashwa, na vile vya chini yake pia. Kisha rudi nyuma uangalie Ruhusa, uhakikishe kalenda inaruhusiwa kusoma kalenda. Kuanzia Android 11 simu huweza kuondoa ruhusa za programu ambayo haijafunguliwa kwa miezi kadhaa, kwa hiyo hata ukikumbuka kwamba uliiruhusu zamani, hakikisha tena.

Ukiwa kwenye Android 12 au zaidi, andika "Kengele na vikumbusho" kwenye kisanduku cha kutafutia. Itatokea orodha ya programu zinazoruhusiwa kulia kwa dakika kamili. Kalenda yako ikiwamo, iwashe. Usipoiona usihangaike, zipo zenye haki hiyo bila kuombewa.

Hatua ya 6: Betri

Kama jaribio fupi linafanikiwa mchana lakini vikumbusho vya asubuhi havilii, mshukiwa wangu wa kwanza ni betri. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu iliyolala bila kuguswa hupunguza kazi za programu ili chaji isiishe. Kampuni za simu nazo zimeongeza walinzi wao juu ya huo, na baadhi ya walinzi hao huzima programu kabisa.

Fanya hivi:

1. Mipangilio, Programu, Kalenda, Betri. Chagua isiwe na vizuizi.
2. Zima kiokoa betri, au usikiache kimewashwa usiku kucha.
3. Tecno, Infinix na itel: fungua Phone Master, tafuta sehemu ya programu zinazojianzisha zenyewe, ruhusu Kalenda. Xiaomi ina sehemu kama hiyo ndani ya programu yake ya usalama. Samsung: kwenye mipangilio ya betri kuna orodha ya programu zilizolazwa. Kalenda ikiwamo, iondoe.
4. Fungua orodha ya programu ulizotumia karibuni. Kwenye simu nyingi za aina hizo unaweza kuifungia kalenda kufuli dogo ili isifagiliwe.

*Kosa la kuepuka:* programu za "kusafisha simu" na "kuongeza kasi". Nimeona simu yenye tatu za namna hiyo, zote zikishindana kuzima kile ambacho mwenye simu alikihitaji. Ukiilazimisha kalenda isimame, vikumbusho vyote vilivyokuwa vimepangwa vinafutika kwenye foleni mpaka utakapoifungua tena kwa mkono. Ziondoe programu hizo. Simu ikiwa nzito, punguza video na picha za magrupu.

Hatua ya 7: Kalenda mbili na akaunti

Tukio moja likilia mara mbili, maana yake kalenda zote mbili zinasoma akaunti moja. Chagua moja ya kuitumia, nyingine zima arifa zake tu. Usifute matukio kwenye moja ukidhani yatabaki kwenye nyingine, kwa sababu ni yaleyale.

Ukiwa unaandika tukio, angalia mstari unaoonyesha linahifadhiwa wapi. Likihifadhiwa kwenye akaunti ya Google, utalikuta hata ukibadilisha simu. Likihifadhiwa kwenye simu yenyewe, siku simu ikiibiwa au ikiangukia majini limekwenda nayo.

Tukio uliloliandika kwenye kompyuta, au ulilotumiwa na mtu, linahitaji bando mara moja ili liingie kwenye simu. Washa data, nenda Mipangilio, Akaunti, chagua akaunti yako, uhakikishe Kalenda imewashwa kwenye usawazishaji. Kumbuka pia kwamba mwaka 2023 Google ilihamishia vile vikumbusho vya zamani vya Kalenda kwenye Google Tasks, programu yake ya orodha ya kazi. Kama una vya miaka ya nyuma ambavyo huvioni tena, vitafute huko.

Hatua ya 8: Tarehe na saa za eneo

Mipangilio, Tarehe na Saa, washa ile ya kujipanga kiotomatiki, kisha soma eneo lililoandikwa. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hufuata saa ileile. Kigali na Bujumbura ziko nyuma kwa saa moja, na Lubumbashi pia. Muscat iko mbele kwa saa moja. Tukio uliloliandika ukiwa Dar la 10:00, ukifika Kigali litaonekana 09:00 na kulia saa hiyo, kwa sababu ndiyo dakika ileile. Ndugu yako wa Muscat akikualika kwenye kikao cha familia cha 20:00 za kwao, wewe Zanzibar utakiona 19:00, na hapo kalenda iko sahihi. Usiirekebishe.

Wanaoishi mipakani wana shida ya ziada. Simu inaponasa mnara wa nchi jirani huweza kubadilisha saa yenyewe. Kwao ni bora kuzima hali ya kiotomatiki na kuchagua eneo kwa mkono.

Hatua ya 9: Jaribio la usiku

Andika tukio la kesho 05:30, kikumbusho cha dakika 10 kabla. Toa simu kwenye chaji, ilaze kama kawaida yako, nawe ulale. Ikilia 05:20 umemaliza kazi. Isipolia, rudi hatua ya 6, kipengele cha tatu.

Bado inasumbua?

*Simu ilizimika usiku, ikawaka asubuhi, haikulia.* Umeme ukikatika chaji ikaisha, kisha ukarudi na mtu akaiwasha, simu haijafunguka kikamilifu hadi uandike namba ya siri. Kabla ya hapo programu nyingi zimelala. Kila simu inapowaka, ifungue mara moja kwa namba ya siri.

*Kikumbusho kinakuja lakini dakika kumi au zaidi baadaye.* Ni betri. Hatua ya 6.

*Nilibadilisha saa ya kikao, kinalia saa ya zamani.* Ulipohariri tukio linalojirudia, simu iliuliza kama unabadilisha hili tu au na yanayofuata, ukagonga la kwanza. Hariri tena, chagua na yanayofuata.

*Nimefanya yote, kalenda imegoma.* Nenda Mipangilio, Programu, Kalenda, Hifadhi, ufute akiba (cache) tu, kisha uzime simu na kuiwasha. Usigonge kufuta data kabla hujahakikisha matukio yako yapo kwenye akaunti. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kuingia kwenye kalenda ya Google kwa akaunti hiyohiyo kupitia kompyuta au simu nyingine. Ukiyaona huko, hayapotei.

*Ni dawa, au safari ya alfajiri, siwezi kukosa.* Basi weka na alamu kwenye programu ya saa, hata kama kalenda imepona. Kwenye simu nyingi alamu hulia hata simu ikiwa kimya. Yule mama wa kikundi nilimwekea zote mbili: kalenda siku moja kabla ili aandae daftari na fedha, na alamu 07:00 kila Jumamosi ya kikao, yenye jina "Marejesho". Tuliisikiliza pamoja pale barazani hadi akaridhika na mlio.